Mfupa Mmoja Ukivunjika Mara Moja, Hupata Majina Manne

Mgonjwa akiambiwa kwamba picha ya eksirei imeonyesha ufa, mara nyingi hutoka kwa daktari akiwa ametua mzigo. Anapiga simu nyumbani: sijavunjika, ni ufa tu. Daktari aliyeitazama picha hiyohiyo ameandika kwenye faili kwamba mfupa umevunjika, na hakukosea. Kitabibu hakuna mpaka kati ya ufa na kuvunjika. Mfupa ukipasuka kwa mstari mwembamba unaoonekana kwa shida, umevunjika. Ukisagika vipande saba, umevunjika pia. Tofauti iko kwenye madhara, na katika kuyapima madhara hayo madaktari wamejiwekea majina mengi kiasi cha kumchosha msomaji wa kawaida.

Yanachosha zaidi kwa sababu ya namna yanavyopangwa. Makala nyingi za afya huyaorodhesha kuanzia juu hadi chini, mvunjiko wa wazi, wa kujisokota, wa vipande vingi, wa uchovu, kana kwamba kila mgonjwa anapewa moja na kwenda nalo. Ukweli ni kwamba majina hayo ni majibu ya maswali tofauti yanayoulizwa kuhusu mfupa uleule. Ngozi imefunguka? Mstari umepita vipi? Vipande vimehama? Na mfupa wenyewe, kabla ya ajali, ulikuwa wa nani na ulikuwa mzima? Abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari ubavuni anaweza kuandikiwa hivi: muundi wa kulia (mfupa wa mguu kati ya goti na kifundo), katikati, mvunjiko wa wazi daraja la 3A (madaraja yanaelezwa hapa chini), vipande vingi, vimehama, mfupa wa mtu mzima usio na ugonjwa. Ajali ni moja na mfupa ni mmoja, ila kila swali limejibiwa.

Na maswali hayo hayalingani uzito. Mfupa una tabia ya kujiunga wenyewe ukipewa nafasi na damu ya kutosha. Kinachokata mguu, na mara nyingine kinachoua, kwa kawaida ni yaliyouzunguka mfupa: ngozi, misuli, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu. Ukilishika hilo, orodha yote inaanza kueleweka.

Ngozi kwanza

Kwa maoni yangu swali la ngozi lina uzito kuliko mengine yote yakijumlishwa. Ngozi ikiwa nzima juu ya mfupa uliovunjika, huo ni mvunjiko uliofunikwa. Kukiwa na jeraha linalofika mpaka kwenye mfupa, ni mvunjiko wa wazi. Watu hudhani kwamba ili uitwe wa wazi ni lazima mfupa uonekane umechomoza. Si lazima. Ncha ya mfupa inaweza kutoboa ngozi kutokea ndani pale pale kwenye ajali, kisha ikarudi mahali pake majeruhi anapolazwa, ikaacha tundu dogo linaloweza kufunikwa na plasta ya dukani. Muuguzi mzoefu halidharau tundu hilo. Likiwa linavuja damu nyeusi taratibu bila kukoma, na juu ya damu hiyo kuna matone ya mafuta yanayong'aa, mafuta hayo ni ya uboho. Uchafu wa barabara umeshapata njia ya kufika kwenye mfupa.

Zamani njia hiyo ilikuwa hukumu. Januari 1756 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alianguka kutoka juu ya farasi kwenye barabara ya Old Kent Road, mfupa wa mguu ukatoboa ngozi. Alijua vizuri kitakachompata akibebwa hobelahobela, kwa hiyo alikataa kuinuliwa. Akanunua mlango, ukapigiliwa miti ya kubebea, akalazwa juu yake mpaka nyumbani. Wenzake walikusanyika wakakubaliana mguu ukatwe, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida. Matayarisho yalikuwa yamekamilika alipoingia mwalimu wake wa zamani, Edward Nourse, akashauri wajaribu kuuokoa. Mguu ukapona. Jambo la kuchekesha ni kwamba upo mvunjiko wa kifundo cha mguu unaoitwa kwa jina la Pott mpaka leo, na si ule uliompata yeye.

Pott alikuwa na bahati. Bahati ilianza kugeuka kuwa utaratibu Agosti 1865 mjini Glasgow, pale mvulana wa miaka 11, James Greenlees, alipokanyagwa na gurudumu la mkokoteni, muundi ukavunjika na ngozi kufunguka. Joseph Lister alilifunika jeraha kwa kitambaa kilicholowekwa asidi ya kaboliki ili kuua vijidudu. Usaha haukutokea, na baada ya wiki 6 mfupa ulikuwa umeunga.

Madaraja tunayoyaona kwenye mafaili leo yalitoka Marekani. Mwaka 1976 Ramon Gustilo na John Anderson walichapisha uchambuzi wa mivunjiko ya wazi 1,025 wakaigawa makundi matatu. Daraja la 1 ni jeraha safi lisilofika sentimita 1. Daraja la 2 limepita sentimita 1 lakini nyama haijaharibika sana. Daraja la 3 ni pale nyama ilipochanika na kupondeka kwa nguvu kubwa, na mwaka 1984 Gustilo na wenzake wakaligawa tena: A ikiwa nyama iliyobaki inatosha kuufunika mfupa, B ikiwa mfupa umebaki wazi na itabidi nyama ihamishwe kutoka sehemu nyingine, C ikiwa mshipa mkubwa wa damu umekatika na lazima uungwe la sivyo mguu unakufa. Madaktari hubishana sana kuhusu mgonjwa wa kuwekwa 2 au 3A, na daraja la kweli hujulikana ndani ya chumba cha upasuaji baada ya jeraha kusafishwa, si mlangoni.

Kati ya mifupa mirefu ya mwili, muundi ndio unaoongoza kwa kuvunjika kwa jeraha la wazi. Pitisha kidole upande wa ndani wa mguu wako kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo utaona sababu: ni ngozi, halafu mfupa. Hakuna nyama ya kuukinga wala ya kuulisha damu, hasa theluthi ya chini. Kwenye bodaboda mguu huo ndio unaotangulia kukutana na bampa la gari, huku upande wa pili kuna injini au lami.

Mvunjiko wa wazi una kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni vijidudu: antibiotiki ianze mapema iwezekanavyo (miongozo ya Uingereza inalenga ndani ya saa 1 tangu kuumia), sindano ya pepopunda, kisha kuoshwa na kukatwa nyama yote iliyokufa. Fomu ya PF3, ile ya polisi kwa majeruhi, inaweza kufuata baadaye, antibiotiki haiwezi. Ya pili ni kuutuliza mfupa. Vipo vyuma vya nje, vile vinavyochomoza mguuni vikiwa vimeshikwa na fito, na kipo chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya uboho, mbinu aliyoianzisha Mjerumani Gerhard Küntscher mjini Kiel mwaka 1939. Kwa miaka mingi chuma cha ndani kilihitaji mashine ya eksirei ya kuangalia moja kwa moja wakati wa upasuaji ili skurubu zipate matundu yake, na hospitali nyingi za kwetu hazina mashine hiyo. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN, lenye makao Richland katika jimbo la Washington, kutengeneza chuma kinachofungwa skurubu zake kwa kutumia kielekezi cha mkono. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa zilizokitumia kwa wingi. Utafiti uliofanyika hapo Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha wagonjwa wa muundi wa wazi waliowekewa chuma cha ndani na waliowekewa cha nje; matatizo makubwa, kama usaha wa ndani na kurudishwa upasuaji, hayakuonyesha tofauti ya kutosha kusema njia moja imeishinda nyingine.

Ngozi kuwa nzima nako si cheti cha usalama. Mfupa wa paja ukivunjika bila jeraha lolote, damu inayopotelea ndani ya misuli inaweza kufika lita 1 na zaidi, na ya nyonga zilizosambaratika huzidi hapo, wakati mtu mzima ana lita 5 hivi tu. Majeruhi wa paja anayepauka, kutoka jasho la baridi na kuongea maneno yasiyoeleweka hana "mshtuko wa ajali". Anaishiwa damu.

Mstari husimulia ajali

Majina mengi kwenye orodha yanatoka hapa, na hapa ndipo utaratibu wake unapendeza. Mfupa hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa. Ukiupinda, upande mmoja unavutika na mwingine unabanwa. Unaoshindwa kwanza ni ule unaovutika. Mstari huanzia hapo na kukata kwenda ng'ambo, na ukikata moja kwa moja tunaupata mvunjiko wa kukingama. Huo ni wa pigo la moja kwa moja: rungu kwenye kigasha kilichoinuliwa kukinga kichwa, au teke la uwanjani. Lakini mfupa ukiwa umebeba uzito wakati unapindwa, kama mguu uliosimama barabarani na kugongwa ubavuni, upande unaobanwa haukatiki kwa mstari mmoja. Unabanduka kipande cha pembetatu ambacho madaktari hukiita kipepeo. Ncha ya pembetatu hiyo inatazama upande mmoja na kitako chake kiko upande mwingine, na kwa kawaida pigo liliingilia upande wa kitako. Kwa hiyo daktari anaweza kutazama picha na kukuuliza, "Gari lilikuja kutoka kushoto?" kabla hujamsimulia chochote.

Mfupa ukisokotwa, mambo ni mengine. Chukua chaki ya shule uishike kwa mikono miwili na kuisokota mpaka ikatike: haitakatika sawasawa, itakatika kwa mstari unaozunguka, na ncha mbili kali. Hivyo ndivyo muundi unavyovunjika pale mchezaji anapokanyaga shimo, mguu ukabaki umenasa na mwili ukageuka. Mvunjiko huu wa kujisokota unatisha kwenye picha kwa urefu wake, lakini mara nyingi huunga mapema kuliko wa kukingama kwa sababu nyuso zinazokutana ni pana, na nguvu iliyouvunja ilikuwa ndogo kiasi kwamba nyama haikuumia sana. Ubaya wake ni utelezi. Mvunjiko wa kukingama ukishapachikwa unakaa. Wa kujisokota na wa mshazari, yaani uliokata kwa mwinamo, huteleza, na mguu unaweza kufupika ndani ya hogo (plasta ngumu ya hospitali) bila mtu kujua. Ndiyo maana unaambiwa urudi baada ya wiki moja kupiga picha nyingine hata kama huna maumivu.

Mstari huohuo wa kujisokota hufika polisi. Mtoto mchanga ambaye hajaanza kutembea akija na paja lililovunjika, kwa mstari wowote, daktari ana wajibu wa kujiuliza aliumizwa na nani, kwa sababu mtoto huyo hana njia ya kujivunja mwenyewe. Lakini mtoto wa miaka miwili aliyejikwaa akikimbia anaweza kupata mvunjiko wa kujisokota kwenye muundi bila mkono wa mtu. Mstari peke yake haumhukumu mzazi. Kinachopimwa ni kama maelezo ya nyumbani yanafanana na picha.

Vipande vingi ni suala la nguvu. Nguvu inayobebwa na chombo hupanda kwa mraba wa mwendo: pikipiki iliyokuwa kilomita 80 kwa saa inagonga kwa nguvu mara nne ya ile iliyokuwa kilomita 40. Mfupa huimeza nguvu hiyo kwa kupasuka mara nyingi. Kwa hiyo daktari akiona vipande sita, haogopi vipande. Anaogopa nyama iliyovizunguka, ambayo imemeza sehemu yake ya nguvu hiyohiyo. Upo pia mfupa unaokatika mara mbili, juu na chini, ukaacha kipande kizima katikati bila ushirika na ncha zozote; hicho huchelewa kuunga kwa sababu damu yake imekatwa pande zote.

Ukanda wa pwani una mvunjiko wake. Mkwezi akianguka kutoka juu ya mnazi na kutua kwa miguu, kisigino hubonyea kwa ndani, kisha nguvu inapanda hadi pingili za kiuno na kuzibonyeza nazo. Maumivu ya kisigino ni makali hivi kwamba mgonjwa hataji mgongo, na hospitali ikimsikiliza mgonjwa tu itaufunga mguu na kumrudisha nyumbani na pingili iliyovunjika. Yeyote aliyeanguka kutoka juu akavunjika kisigino anapaswa kupimwa uti wa mgongo, hata akisema hauumi.

Aina ya mwisho ya mstari haitokani na mfupa kugongwa. Kano ikivutwa ghafla, mara nyingine haikatiki yenyewe. Inang'oa kipande cha mfupa ilichojishikiza. Ukikanyaga vibaya na mguu ukapinduka kwa ndani, angalia ukingo wa nje wa unyayo, katikati, kwenye kile kinundu. Kikiuma ukikibonyeza, huenda hukuteguka.

Kuhama, na mfupa unaodanganya

Vipande vikibaki mahali pake, kazi ni kuvilinda visihame. Vikihama, vinarudishwa, kwa kuvutwa ukiwa na ganzi au kwa upasuaji. Katikati ya mfupa mrefu daktari anaweza kukubali kupinda kidogo. Kwenye kiungo hakubali: sakafu ya goti au ya kifundo ikiachwa na ngazi inayozidi milimita 2 hivi, gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, itasagika na mgonjwa atarudi baada ya miaka akiwa na goti la mzee. Kwa upande mwingine kuna mtulinga, mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani, ambao hata vipande vikipishana huunga kwa wengi kwa kitambaa cha kuning'iniza mkono tu. Nadhani mtulinga umewapa sifa waganga wengi, wa jadi na wa hospitali, sifa ambazo ni za mfupa wenyewe.

Mvunjiko usiohama una hatari yake: kutoonekana. Abraham Colles wa Dublin alieleza mwaka 1814 mvunjiko wa kifundo cha mkono unaoitwa kwa jina lake, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, kwa sababu mkono wenyewe unapinda na kuonekana kwa macho. Lakini katika kifundo hichohicho kuna kimfupa kidogo chenye umbo la mtumbwi, chini ya kidole gumba, na hicho hakionyeshi kitu. Nyoosha kidole gumba kwa nyuma; pale kwenye shimo linalojitokeza kati ya kano mbili ndipo kilipo. Kijana aliyeangukia kiganja, shimo hilo likimuuma anapobonyezwa, hutibiwa kama aliyevunjika hata picha ikiwa safi, na hupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, ufa unapokuwa umeanza kujionyesha. Damu ya kimfupa hiki huingilia upande wa mbali na kurudi nyuma, kwa hiyo kikikatika katikati, nusu ya karibu hubaki bila chakula. Isipotulizwa hufa, na kifundo huharibika pole pole.

Mfupa wa mtoto

Mfupa wa mtoto una unyevu na utando mnene unaoufunika, kwa hiyo huvunjika kwa namna ambazo mtu mzima hawezi. Unaweza kupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, na ndiyo maana mvunjiko huo huitwa wa kijiti kibichi. Unaweza pia kujikunja ukingoni tu, karibu na kifundo cha mkono, ukavimba kidogo bila mstari wowote. Huo hauhitaji hogo zito, banzi la kuvaa na kuvua kwa wiki 3 hivi linatosha.

Tatizo kubwa la mtoto ni bamba la ukuaji, tabaka la gegedu karibu na ncha ambapo mfupa unarefuka. Kwa mtoto bamba hilo ni dhaifu kuliko kano za kiungo, kwa hiyo pigo ambalo kwa mtu mzima lingetegua kifundo, kwa mtoto linapasua bamba. Mwaka 1963 Robert Salter na Robert Harris wa Toronto waliyapanga majeraha haya katika aina 5. Ya 2, ambayo ufa hupita kwenye bamba kisha ukachomoka na kipande cha mfupa upande wa juu, ndiyo ya kawaida zaidi na hupona vizuri. Ya 3 na ya 4 zinaingia kwenye kiungo na hutaka kupangwa sawasawa. Ya 5 ndiyo yenye hila: bamba limepondwa, picha ya siku ya kwanza haina kitu, na tatizo linaonekana miaka miwili baadaye mguu mmoja ukiwa mfupi. Kumwambia mzazi kwamba mtoto "ameteguka tu" ni sentensi ninayoiogopa.

Kisha kuna msimu wa maembe. Mtoto wa miaka 5 hadi 7 anaanguka kutoka mtini, anatanguliza kiganja na kiwiko kimenyooka, mfupa wa juu ya kiwiko unakatika pale ulipo mwembamba kabisa. Ncha yake inasukumwa mbele, kwenye mshipa mkuu wa damu wa mkono na mishipa ya fahamu inayopita hapo. Mbele ya kiwiko kilichovimba hivyo, mtu wa dharura aliyefundishwa vizuri huanza na vidole. Hubonyeza kucha na kuiachia. Wekundu ukichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 2, damu haifiki. Humwambia mtoto ainue gumba kama anayesema poa. Kisha akutanishe gumba na kidole cha shahada wafanye duara. Kisha atanue vidole vyote. Ni mchezo wa nusu dakika, na mishipa mitatu ya fahamu imeshapimwa bila mtoto kuguswa anapoumia. Akishindwa kufanya duara, likabaki limebonyea, mshipa mmoja umeumia.

Mkono huohuo ukipelekwa kwanza kwa mganga wa mifupa wa jadi, hukandwa na kufungwa banzi za mianzi au vijiti zilizokazwa. Sina ugomvi na waganga hao kwa mtulinga au mbavu. Lakini kiwiko kilichovunjika kinaendelea kuvimba kwa saa nyingi, na banzi haitanuki. Msukumo ndani ya misuli unapanda mpaka unazidi uwezo wa damu kupita, misuli ikaanza kufa ndani ya saa chache, 6 hivi. Richard von Volkmann alieleza matokeo yake mwaka 1881: vidole vinavyojikunja kama kucha za ndege na kubaki hivyo maisha yote. Hogo la hospitali lililokazwa linaweza kufanya yaleyale. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyosikia dawa, na yanayopanda vidole vikinyooshwa na mtu mwingine. Ganzi na vidole kupauka hufuata. Hapo hakuna kusubiri asubuhi: kila kilichofungwa kifunguliwe mpaka kwenye ngozi, pamba pamoja na bendeji, na mtoto awahishwe hospitali yenye upasuaji.

Yakienda vizuri, mtoto hutusamehe mengi. Mfupa uliounga ukiwa umepinda kidogo karibu na bamba hujinyoosha kadiri anavyokua. Usichotegemea kijinyooshe ni mfupa uliounga ukiwa umejisokota.

Mfupa uliochoka na mfupa mgonjwa

Baadhi ya mivunjiko haina ajali. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika kuhusu askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya matembezi marefu. Ilikuja kueleweka baadaye kwamba mifupa ya nyayo zao ilikuwa na nyufa za uchovu. Mfupa hujikarabati kila siku, na ukiongezewa mzigo haraka kuliko ukarabati, nyufa zinajikusanya. Kuruti wa wiki za mwanzo na mkimbiaji aliyeongeza kilomita ghafla ndio wateja wakubwa. Maumivu yana sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, huja ukikimbia na kuondoka ukipumzika, mpaka siku yanapokataa kuondoka. Dawa yake ni kupunguza mzigo kwa wiki kadhaa, jambo ambalo mwanariadha halipendi kulisikia.

Upande wa pili ni mfupa unaovunjika kwa jambo dogo mno. Mtu amegeuka kitandani, paja limekatika. Hapo swali linahama kutoka kwenye mvunjiko kwenda kwenye mfupa: kuna saratani iliyosambaa, mathalani ya matiti au tezi dume? Kuna usaha wa muda mrefu ndani ya mfupa, ambao kwa watoto wenye selimundu hutokea zaidi kuliko kwa wengine? Kuufunga chuma bila kuuliza ni kuziba paa bila kuangalia nguzo.

Kwa wazee, na hasa kinamama waliokoma hedhi, jibu mara nyingi ni mifupa kupungua uzito. Pingili za mgongo hubonyea moja baada ya nyingine na bibi "anajikunja kwa uzee". Kisha siku moja anateleza bafuni na hasimami. Ukimlaza, mguu mmoja unaonekana mfupi na unyayo umelalia nje. Hapo usimkande kwa maji ya moto wala kumchua kwa mafuta, nyonga imevunjika. Hata hapa aina ndiyo inayoamua. Ikikatika kwenye shingo ya mfupa wa paja, ndani ya mfuko wa kiungo, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa huchanika, na kwa mzee ambaye vipande vimehama mara nyingi kichwa hutolewa na kuwekwa cha bandia. Ikikatika inchi chache chini yake, nje ya mfuko, damu ni nyingi na mfupa huunga, kwa hiyo hufungwa chuma. Kote kuwili lengo ni lilelile: bibi akalishwe na kusimamishwa siku moja au mbili baada ya upasuaji, kwa sababu akilazwa miezi akivutwa mguu kwa uzito wa kuning'iniza, kitakachomtangulia si mfupa kuunga bali nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda miguuni.